Ijumaa ya Tatu

Trizah alianguka katikati ya pambio la pili. Hakupiga kelele. Magoti yalimkunjika tu, akashuka taratibu kama leso inayoteleza kambani, na mstari wa gredi ya nne ukaachana mahali alipokuwa amesimama. Waliokuwa karibu naye walirudi nyuma. Wengine waliendelea kupiga makofi, mikono ikiwa bado haijapata habari.

Mwambire, aliyekuwa juu ya jukwaa dogo la saruji akiongoza ibada ya asubuhi, aliweka kayamba chini, akateremka. Alikuwa mtu mrefu, mkavu, aliyepita hamsini, mwenye sauti nzito iliyoweza kuwabeba watoto mia tatu bila kipaza sauti. Alipiga magoti kwenye kokoto, akamwekea mtoto kiganja utosini, akaomba. Mwalimu mkuu, Madam Zipporah, aliwaashiria watoto wasikome kuimba. Wakaimba. Hata baada ya muda Trizah akafumbua macho, macho yenye umanjano kwenye weupe wake, akaketi, akajipangusa vumbi kwenye sketi, akarudi mstarini akichechemea.

"Mmeona wenyewe," Zipporah aliliambia gwaride. "Shule hii ina mtumishi wa Mungu."

Ulikuwa mwezi wa tano, na katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumwita Mwambire hivyo mbele za watu.

Kwa miaka kumi na tisa alikuwa mtunza kiwanja wa shule hiyo ya kanisa, ndani kidogo kutoka Matsangoni. Alifyeka nyasi, alizibua mifereji, alijaza tangi la maji, aligonga kengele. Walimu walimwita Mwambire, kavukavu, hata wale aliowazidi umri wa kuwazaa, na watoto wakaiga. Kisha mchungaji aliyekuwa akiongoza ibada ya kila siku akahamishwa. Zipporah alitafuta mtu wa kushika nafasi yake. Walimu wakawa na udhuru, maana ibada ilianza saa moja na robo na wengi wao walitoka mbali. Mwambire alikuwa pale tangu alfajiri, na kwaya nzima ya kanisa iliijua sauti yake. Alipewa asubuhi moja, ikawa wiki, ikawa miaka miwili.

Nyasi bado zilikuwa zake. Ila ikifika saa moja alivua mabuti ya mpira nyuma ya stoo, akanawa, akavaa viatu vyeusi na koti la kahawia, na kwa dakika arobaini akawa mtu mwingine. Somo la siku alilipanga moyoni huku akifyeka. Aliwajua watoto kwa namna walivyoimba. Aliyegombezwa nyumbani huimba akitazama chini. Mwenye njaa hufungua kinywa, sauti isitoke. Trizah, mjukuu wa Kanze, alikuwa akiimba vizuri, kisha ghafla hunyamaza na kushika kiwiko au paja, kama mtu aliyeitwa na mwingine. Mwambire alikuwa ameliona hilo siku nyingi, asijue aliite nini.

Baada ya asubuhi ile dunia ilibadilika kidogo. Wazazi waliokuwa wakimpita langoni walisimama, wakasema, "Bwana asifiwe, mtumishi." Mwalimu mmoja alimletea kichwa kinachomuuma. Sokoni mwanamke asiyemjua alimnyoshea mtoto mchanga amguse. Nyumbani, mkewe alianza kumtengea chakula kwenye sahani yenye kifuniko. Mwambire alikuwa mtu mnyenyekevu na hakujitangaza, lakini usiku alipolala aliirudia asubuhi ile moyoni, kiganja chake, utosi wa mtoto, macho yakifumbuka. Aliirudia kama mtu anayelamba kidole chenye asali.

Wiki mbili baadaye Kanze alikuja shuleni. Alikuwa bibi mfupi mwenye mgongo wa jembe, aliyelima mihogo na mahindi peke yake na kuwalea wajukuu wawili, Trizah na Pola. Mama yao, binti yake, alifariki siku aliyomzaa Pola. Alimkuta Mwambire chini ya mwarobaini, akinoa fyekeo, akamnyoshea karatasi iliyokunjwa mara nne.

Alieleza kwamba mikono ya Trizah ilivimba hata asiweze kushika kijiko, akampeleka zahanati ya barabarani. Muuguzi pale ni Mishi, mwanamke wa Mambrui, mtu wa maneno machache. Alimtazama mtoto macho, akambonyeza mifupa, akamuuliza Kanze ni watoto wangapi wa binti yake waliokufa. Kanze akasema wawili, kabla ya Trizah. Mishi akaandika karatasi hiyo. Alisema mambo mengi: mtoto anywe maji kila mara, asipigwe na baridi, apelekwe Kilifi akapimwe damu. Kanze hakujua kusoma, na mengine yalikuwa yamemtoka.

"Mwanangu, wewe ndiwe uliyemwinua," alisema. "Niambie basi. Nimpeleke, ama?"

Mwambire alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Mtoto alishukiwa kuwa na ugonjwa wa selimundu, ule wa damu kuwa na chembe zilizopinda badala ya kuwa mviringo. Apimwe haraka. Neno "haraka" lilipigiwa mstari mara mbili.

Alilielewa. Baadaye hakuweza kujidanganya kwamba hakulielewa. Lakini pale chini ya mwarobaini lilimjia swali jingine, likaketi mbele ya hilo: ikiwa ni damu, basi yeye alifanya nini asubuhi ile? Mtoto aliinuka kwa nini? Na wale wanaomsalimia langoni, watamsalimia nani?

"Niachie hii," alisema. "Tutafunga naye Ijumaa tatu. Zikipita bila nafuu, nitawapeleka Kilifi mwenyewe."

Kanze alishusha pumzi. Alimshukuru, akamwita mtumishi, akaenda zake kwenye mihogo. Mwambire aliikunja karatasi kama alivyoikuta, akaitia mfuko wa ndani wa koti.

Kufunga siku ya Ijumaa kulikuwa kwa shule nzima kuanzia gredi ya nne. Hakuna uji wa saa nne, hakuna maji hadi saa sita. Zipporah ndiye aliyekuanzisha, mwaka ambao matokeo ya mtihani yalikuwa mabaya, na mwaka uliofuata yakawa mazuri, kwa hiyo hakuna aliyethubutu kufuta mfungo huo. Mwalimu wa darasa, Emily, alikuwa akimruhusu Trizah anywe maji kimya kimya. Mwambire alimwendea akamwomba asifanye hivyo kwa Ijumaa hizo tatu. Alisema mtoto huyu ana vita vyake.

Ijumaa ya kwanza ilipita salama, na Mwambire alitembea siku nzima akiwa mwepesi. Ya pili, Emily alimwambia kwamba Trizah alishinda amelaza kichwa juu ya dawati, na kwamba midomo yake ilikuwa imekauka hata ikapasuka. Mwambire akajibu kwamba ndivyo vita vilivyo, huwa vikali karibu na mwisho.

Jioni hiyo Trizah alimfuata alikokuwa akifyeka, nyuma ya madarasa. Alikuwa mtoto wa miaka kumi, mdogo kwa umri wake, na yeye peke yake katika shule nzima alimwita mwalimu.

"Mwalimu Mwambire, nikipona nitajuaje?"

Mwambire aliegemea mpini wa fyekeo. "Utasahau kama uliwahi kuugua."

Mtoto alilifikiria jibu hilo. Akauliza kama na mdogo wake Pola naye atasahau, kwa sababu usiku mdogo wake huyo ndiye humsugua yeye miguu. Mwambire alicheka, akamwambia aende nyumbani kabla mvua haijanyesha.

Ijumaa ya tatu iliangukia mwezi wa sita. Upepo wa baharini ulikuwa umeamka vibaya na manyunyu yalikuwa yakianguka tangu kabla ya mapambazuko, yale ya kulowanisha bila mtu kujua amelowana. Shule haikuwa na ukumbi. Ibada ilikuwa uwanjani, jua liwake au mvua inyeshe, na Zipporah aliamini kwamba siku ikiachwa moja, zitaachwa zote. Watoto walijipanga na sweta zao zilizofifia, mabega yamepanda masikioni.

Trizah alimjia Mwambire kabla hajapanda jukwaani. Alikuwa akitembea kama mtu anayekanyaga miiba.

"Kifua kinaniuma," alisema. "Naomba maji, kidogo tu."

Tangi lilikuwa hatua kumi kutoka hapo. Mwambire mwenyewe alikuwa amelijaza.

"Vumilia, mwanangu. Ni leo tu."

Trizah akaitikia kwa kichwa, akaenda mstarini.

Hakuanguka wakati wa pambio. Alianguka wakati wa sala ya kimya, macho yote yakiwa yamefumbwa, na Mwambire aliusikia mwili ukigusa chini kabla hajaona. Aliteremka. Alipiga magoti kwenye tope, akaweka kiganja utosini, akaanza. Nyuma yake Zipporah aliinua wimbo. Mwambire aliomba kwa sauti ile nzito, akaomba kwa nguvu, akaomba hata maneno yakamwishia akaanza kuyarudia. Kichwa cha mtoto kilikuwa cha moto na miguu yake baridi. Kifua kilipanda na kushuka upesi upesi, kama cha ndege aliyeshikwa.

Emily alikuja akachutama kando yake, akasema mtoto apelekwe zahanati. Zipporah alisema amwache mtumishi amalize. Emily akasema tena. Mwambire aliwasikia wote wawili, na alijua ni nani mwenye haki, na bado aliendelea, kwa sababu watoto mia tatu walikuwa wakitazama na yeye alikuwa hajamaliza.

Dakika ishirini. Aliyehesabu ni Emily.

Hatimaye wimbo ulilegea wenyewe, na katika kimya kilichobaki Mwambire alisikia pumzi za mtoto zikikwaruza. Ndipo alipomnyanyua. Alikuwa mwepesi kuliko alivyodhani. Alikimbia naye hadi barabarani, akasimamisha pikipiki, akampakata katikati yake na mwendeshaji.

Mishi alimlaza mtoto kitandani, akatafuta mshipa, akautafuta tena, akamtundikia maji. Mikono yake ilikuwa haraka na uso wake umetulia. Aliuliza bila kugeuka.

"Huyu mtoto kanywa nini tangu jana?"

"Hakunywa. Amefunga."

"Kafunga." Mishi alilirudia neno hilo kama anayelipima uzito. "Na barua yangu? Nilimpa bibi yake barua."

Mwambire aliingiza mkono kwenye koti, akaitoa. Karatasi ilikuwa imelowa pembeni. Mishi aliitazama ilipokuwa, mkononi mwake, asiipokee. Kisha akapiga simu kuita gari la wagonjwa.

Gari lilikuja. Mwambire aliketi nyuma, kwenye benchi la pembeni, magoti yake yakigusa kitanda. Trizah alifumbua macho mara moja tu, akatazama dari. Alikata roho walipopita Tezo, kabla ya kufika Kilifi, vidole vyake vikiwa ndani ya kiganja cha Mishi. Mishi alisema maneno ya dini yake kwa sauti ya chini, akamfumba mtoto macho. Dereva hakuambiwa kitu. Aliendelea kukimbiza gari hadi langoni mwa hospitali.

Walimzika Jumapili, nyuma ya nyumba ya bibi yake. Watu walikuwa wengi. Kanze hakulia sana. Alisimama kando ya kaburi, Pola akiwa mgongoni, na watu walipokwisha kutupa udongo akamshukuru Mwambire mbele ya wote. Alisema mtumishi huyu alipigana hadi mwisho, kwamba alimbeba mjukuu wake mikononi mwake, kwamba Mungu atamlipa. Watu wakaitikia amina. Mwambire alitazama viatu vyake vyeusi, vilivyojaa udongo mwekundu, akashindwa kuinua uso.

Jumatatu, kabla ya kengele, Zipporah alimwita ofisini. Hakuwa mwanamke mbaya. Macho yake yalikuwa mekundu. Alikuwa amemfundisha Trizah kusoma. Alisema watoto wameogopa, wazazi wanauliza, na wenye kanisa wamepiga simu mara tatu. Alitaka Mwambire awaambie watoto kwamba Mungu alipita bustanini akachuma ua alilolipenda, kisha waimbe, kisha waende darasani.

"Sauti yako huwatuliza," alisema. "Watulize."

Mwambire alipanda jukwaani. Mvua ilikuwa imekatika na kokoto zilikuwa zikitoa mvuke. Mstari wa gredi ya nne ulikuwa umejipanga na kuacha nafasi ya mtu mmoja, hakuna aliyewaambia wafanye hivyo. Alifungua kinywa aanze pambio, lisije. Watoto walingoja. Mahali fulani nyuma mmoja alikohoa.

"Watoto wangu," alisema, "Trizah hakuchumwa. Trizah aliugua."

Emily aliinua kichwa.

"Aliugua ugonjwa wa damu. Una jina na una dawa. Muuguzi aliandika barua apelekwe Kilifi upesi. Barua hiyo nilipewa mimi, nikaiweka mfukoni. Ijumaa aliniomba maji. Tangi ni lile pale." Alilielekezea kidole, na vichwa mia tatu vikageuka. "Sikumpa. Nilitaka ainuke kwa mkono wangu. Mtu asiwaambie kwamba Trizah hakuwa na imani. Yeye alikuwa nayo. Mimi ndiye—"

Zipporah alianza kuimba. Sauti yake ilikuwa nyembamba na ilitetemeka, lakini aliimba, akipiga makofi, akiwatazama walimu wamsaidie. Mmoja akaitikia, wa pili akafuata. Watoto wakatazama huku na huku. Kisha wakatii, maana walifundishwa kutii, na Mwambire kutoka juu ya jukwaa akaviona vinywa vyao vyote vikifunguka, mstari kwa mstari, na karibu hakuna sauti iliyotoka.

Alishuka. Alibadilisha viatu nyuma ya stoo. Kabla ya saa nne alikuwa amekwisha kuambiwa asirudi tena, na barua aliyopewa haikumtaja Trizah popote; ilisema tu nafasi yake imefungwa. Kanisani baadhi ya watu walisema amerudi nyuma katika wokovu, wengine kwamba amerukwa na akili kwa huzuni. Alikaa nyumbani siku mbili akingoja polisi, akiwa amevaa tayari. Hakuna aliyekuja.

Siku ya tatu alikwenda mwenyewe kwa Kanze.

Alimkuta akimenya mihogo mlangoni. Bibi alimsogezea kigoda. Mwambire hakuketi. Alisimama juani akamwambia yote, tangu neno lililopigiwa mstari mara mbili hadi dakika ishirini za Emily, wala hakupunguza hata neno moja. Kisu cha Kanze kiliendelea kumenya. Maganda yakaanguka, muhogo mmoja, wa pili. Alipomaliza wa tatu alikiweka kisu chini.

"Nilipokuuliza nimpeleke ama nisimpeleke," alisema, "ulikuwa unajua."

"Nilikuwa najua."

"Nami nikakushukuru. Kaburini, mbele za watu."

"Ndiyo, mama."

Kuku walikuja wakadonoa maganda. Mwambire alitaka apigwe, alitaka apigiwe kelele majirani waje. Alipoona hakuna kinachokuja alipiga magoti, akaanza kumwomba msamaha.

"Inuka," Kanze alisema. "Msamaha sina. Pengine utakuja, pengine hautakuja, mimi siujui unakotoka." Aligeuza uso ndani ya nyumba, akaita. Pola akatoka, mtoto wa miaka mitatu, akivuta leso ya mtu mzima. Kanze alimshika mkono, akamwonyesha. Vidole vilikuwa vimevimba, vimenyooka, vimekakamaa kama ndizi changa. "Tangu jana. Hataki kushikwa. Kesho utatupeleka Kilifi."

"Nitawapeleka."

"Wala usimwombee. Usimwekee mkono kichwani."

"Sitamwekea."

Walikwenda. Mwambire alimbeba mtoto walipotembea na kumpakata walipopanda gari, na hospitalini alisoma kila kibao kwa sauti ili Kanze asikie mwenyewe: huku ni maabara, huku ni dawa, huku ni watoto. Damu ya Pola ilichukuliwa. Wakaambiwa warudi Jumanne, wakarudi. Daktari kijana aliwaambia kwamba mtoto anao, ule ule, na kwamba wamewahi. Atakunywa dawa kila siku ya maisha yake. Atakuja kliniki kila mwezi. Homa yoyote, hata iwe ndogo namna gani, asingojwe, aletwe siku hiyo hiyo. Mwambire alimtaka arudie hilo la mwisho, kisha akaliandika kwa kalamu kwenye kiganja chake.

Njiani kurudi, walipofika panapogawanyika njia, Kanze alimchukua mtoto, akamfunga mgongoni.

"Mwezi ujao, Jumanne ya kwanza," alisema. "Uje mapema."

Alikuja mapema mno. Kulikuwa bado na giza kwenye mihogo, umande ukilowanisha suruali yake, na kutoka upande wa barabarani adhana ya alfajiri ilikuwa imekwisha kitambo. Alisimama mbele ya mlango uliofungwa, asibishe. Kwa hesabu yake, baada ya saa moja na ushei kengele ingelia shuleni, akawa hajui ni nani sasa anayeigonga. Ndani alisikia mtu akitembea, kikombe kikiwekwa mezani.

Mlango ulifunguliwa. Kanze hakumsalimu. Bibi alimnyoshea mtoto kama mtu anayempokeza mwenzake mzigo, akageuka kutafuta viatu vyake na kadi ya kliniki. Pola alikuwa katikati ya usingizi. Alijikunja kifuani mwa Mwambire, akatafuta mahali, akalaza kichwa chini ya kidevu chake, paji la uso likigusa shingo.

Lilikuwa na joto. Mwambire alisimama tuli, akijaribu kujua kama ni joto la usingizi au ni homa. Kisha akamwambia Kanze wafanye upesi, akatangulia njiani.